Bouguereau, Gérôme au Cabanel: Uanze Kunakili Nani?

Anayetaka kujua mafundi wa Paris wa karne ya 19 walivyochora mwili wa binadamu hukutana na majina matatu yaleyale: William Bouguereau, Jean-Léon Gérôme na Alexandre Cabanel. Walipishana mwaka mmoja mmoja kuzaliwa: Cabanel 1823, Gérôme 1824, Bouguereau 1825. Wote waliingia Akademia ya Sanaa ya Ufaransa, wote walifundisha, na picha zao zote zina uso laini usioonyesha alama za brashi. Kwa mbali mtu huweza kuwachanganya. Shika brashi ujaribu kumnakili mmoja wao, ndipo utakapogundua kwamba kila mmoja anafundisha somo lake.

Kunakili hapa si wizi wa kazi ya mtu. Ni kuichukua picha moja ya bingwa na kuijenga upya, hatua kwa hatua, ili mkono ujue jicho lilichoona. Mfumo uliowalea hawa watatu ulidai hivyo hivyo: aliyeshinda shindano la Prix de Rome alikwenda kuishi Villa Medici, Roma, kwa gharama ya serikali, na miongoni mwa kazi alizotakiwa kupeleka Paris ilikuwamo nakala ya bingwa wa zamani.

Vigezo vya ulinganisho huu ni vitano: msingi wa maisha na mafunzo yao, mchoro, rangi na ngozi, mada, na urahisi wa kupata picha nzuri ya kufanyia kazi. Umaarufu haumo. Bouguereau alilipwa fedha nyingi akiwa hai, akadharauliwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kisha akarudishiwa heshima. Hayo hayamsaidii mtu aliyekwama kwenye kivuli cha pua.

Walikotoka

Cabanel ndiye mtoto wa mfumo hasa. Alitoka Montpellier, akasoma kwa François-Édouard Picot, akashika nafasi ya pili katika Prix de Rome ya 1845 na bado akapelekwa Roma. Mwaka 1863 Napoleon III, mfalme wa Ufaransa, alinunua picha yake ya kuzaliwa kwa Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, mwaka huohuo akachaguliwa Akademia, na 1864 akawa profesa wa École des Beaux-Arts, shule ya sanaa ya serikali huko Paris. Kwenye karakana yake walipita Bastien-Lepage, Cormon, Gervex na Besnard, watu ambao hawafanani naye hata kidogo. Kwa mwalimu, hiyo ni sifa kubwa.

Bouguereau wa La Rochelle alipita kwa Picot huyohuyo na akashinda Prix de Rome mwaka 1850. Kuanzia 1875 alifundisha Académie Julian, shule ya binafsi iliyopokea wanawake wakati École des Beaux-Arts iliwafungia mlango hadi 1897. Picha zake zinazojulikana ni 822. Alikuwa mtu wa kazi, asubuhi mpaka giza.

Gérôme, mwana wa sonara wa Vesoul, alisoma kwa Paul Delaroche. Aliijaribu Prix de Rome mwaka 1846, akashindwa, na kilichomwangusha ni uchoraji wa umbo la mwili. Mwaka uliofuata alipeleka kwenye maonyesho ya Salon picha yake ya vijana wakipiganisha majogoo, akapata medali na jina. Mwaka 1863 alimwoa Marie, binti wa Adolphe Goupil, mfanyabiashara wa picha aliyeuza nakala zilizochapwa kwa wateja wa nchi nyingi. Ndoa hiyo ina uzito kwa mnakili. Picha za Gérôme zinasomeka hata zikipunguzwa ukubwa, kwa sababu zilikuwa zikisafiri kama nakala za karatasi.

Mchoro

Hapa Gérôme anawaacha wenzake, na sababu yenyewe si mchoro wake peke yake. Pamoja na mchoraji Charles Bargue, na kwa uchapishaji wa Goupil, alitoa kozi ya kuchora yenye michoro 197 ya litografia (iliyochapwa kutoka jiwe), iliyoanza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1860. Sehemu ya kwanza ina michoro 70 ya sanamu za plasta, ya pili 67 kutoka kazi za mabingwa, ya tatu 60 ya wanaume uchi kwa mkaa. Michoro mingi ni ya mkono wa Bargue. Vincent van Gogh aliipitia kwa bidii alipokuwa anaanza, kisha akairudia mwaka 1890, mwaka aliofariki.

Ukichagua njia hii, fanya hivi. Chapisha mchoro mmoja wa macho au wa mguu kwa ukubwa wa karatasi ya A4. Ubandike ukutani wima, na kando yake, kwa urefu uleule, ubandike karatasi yako tupu. Tia alama sakafuni mahali pa kusimama, umbali wa takriban mara tatu ya urefu wa mchoro. Ning'iniza uzi wa timazi mbele ya mchoro na upige mstari huohuo wima kwenye karatasi yako. Tazama ukiwa kwenye alama, kumbuka umbali mmoja tu, sogea karatasini uutie, rudi nyuma ulinganishe. Anza kwa mistari iliyonyooka, kama kumi hivi, inayofunga umbo zima. Kisha mstari unaotenga mwanga na kivuli. Kivuli kijazwe kwa rangi moja bapa kabla ya kugusa nusu-kivuli chochote, yaani sehemu ya kati ya mwanga na kivuli.

Wanaoanguka huanguka mahali palepale. Mtu anaona mstari wa kivuli unapendeza, anaanza kulainisha, na saa tatu baadaye anagundua jicho liko milimita nne chini ya mahali pake. Kulisogeza sasa ni kufuta kila kitu. Kosa la pili ni kukaa kitini huku karatasi imelala mezani: sehemu ya juu iko mbali na jicho kuliko ya chini, kwa hiyo kichwa kinatoka kirefu. La tatu ni mkaa butu. Uchonge kwa msasa mpaka ncha iwe kama sindano, na uurudie kila baada ya dakika chache. Mchoro mmoja uliofanywa sawasawa unakula makumi ya saa, na ni kawaida.

Gérôme ana somo jingine ambalo wenzake hawana: nafasi. Katika kifo cha Kaisari, picha iliyopo makumbusho ya Walters huko Baltimore, Marekani, maiti imetupwa pembeni, wauaji wanaondoka katikati na viti vitupu vinajaza ukumbi. Ichapishe, weka rula juu ya mistari ya sakafu na ngazi, ivute mpaka ikutane, na utaelewa kwa nini jicho linazunguka kabla ya kumwona aliyekufa. Zoezi hilo halihitaji rangi wala turubai.

Bouguereau alichora kwa kujikusanyia akiba. Kwanza michoro midogo ya haraka ya kutafuta mpangilio, halafu jaribio dogo la rangi, halafu michoro ya mfano hai: kichwa peke yake, mikono peke yake, nguo peke yake. Baada ya hapo huja mchoro wa ukubwa kamili unaohamishiwa turubaini. Kumnakili bila kujua haya ni kujidanganya, maana urahisi unaouona juu ya turubai ulikwisha kulipiwa kwenye karatasi. Mikono na miguu yake ndiyo shule. Chukua mkono mmoja wa mtoto, uuchore mara tatu kwa penseli kabla ya kufikiria rangi.

Kwa Cabanel, tazama mstari wa nje. Malaika aliyeanguka, aliyemchora mwaka 1847 akiwa Roma na ambaye leo yuko Musée Fabre, Montpellier, anafahamika na vijana wengi kwa lile jicho jekundu linalochungulia juu ya mkono. Funika uso kwa kidole, utazame mwili tu: mstari unatoka begani mpaka mguuni bila kukatika. Uzuri wake ni huo, na hatari yake pia. Anayeanza huunakili mstari kama waya, akasahau kwamba chini yake kuna mfupa, na mwili unatoka kama mpira uliojazwa upepo.

Rangi na ngozi

Sasa Bouguereau anachukua usukani, kwa ngozi nyeupe angalau. Paleti yake ilikuwa na nyeupe ya risasi, njano ya Napoli, njano ya oka, vemilioni, bluu ya kobalti, nyeusi ya pembe na nyekundu ya mada (itokanayo na mmea uitwao madder), pamoja na lami ambayo wewe usiiguse: haikauki kabisa, na tabaka lililo juu yake hupasuka. Nyeupe ya risasi ni sumu. Tumia nyeupe ya titani, ukijua kwamba ni baridi na nzito zaidi, hivyo huzifunika rangi nyingine upesi.

Zoezi linalofaa ni kichwa cha dada kutoka picha ya ndugu wawili wa Bretagne, ya 1871, iliyopo Metropolitan Museum of Art, New York. Tumia turubai ya sentimita 30 kwa 40, nakili kichwa tu. Hamisha mchoro kwa karatasi ya kunakilia iliyopakwa mkaa nyuma, pitisha mistari kwa amba ya kuchomwa (rangi ya udongo wa kahawia) iliyochanganywa na tapentaini, iache siku moja au mbili. Tabaka la kwanza la rangi liwe jembamba, na tapentaini peke yake. Kwa sehemu yenye mwanga, changanya sehemu 4 za nyeupe, sehemu 1 ya njano ya oka, na nyekundu ya kadimiamu isiyozidi robo ya sehemu. Nusu-kivuli kitokane na mchanganyiko huohuo, ukipunguza nyeupe na kutia nyeusi ya pembe kidogo sana. Ikikutana na oka inatoa kijivu chenye ukijani, na ukijani huo kando ya shavu la pinki ndio unaoifanya ngozi ionekane hai. Kwenye kivuli chenyewe nyeupe isikanyage.

Subiri siku tano hadi saba. Tabaka la pili liongezwe matone machache ya mafuta ya kitani, na la tatu zaidi kidogo. Ukigeuza mpangilio huu, ukaweka mafuta mengi chini na machache juu, tabaka la juu litakauka kwanza kisha lipasuke wakati la chini bado linajivuta.

Ugonjwa unaowapata karibu wote wanaomnakili Bouguereau ni sura ya nta. Wanaona ulaini, wanachukua brashi ya upepeo, wanapangusa kingo zote. Tazama picha kwa kuikuza: kwenye paji la uso na ncha ya pua rangi ni nene, na kingo kali zipo, hasa pale kivuli cha kidevu kinapoangukia shingo. Alichokilainisha ni mpito wa nusu-kivuli, basi. Anza kwa vipande vya rangi vilivyokaa kando kwa kando kama vigae, viwe sahihi, na uunganishe vile tu vinavyokudai.

Lakini kama unataka kuchora ngozi nyeusi, Bouguereau atakupeleka kwa njia ndefu. Mtu wa kukusaidia ni Gérôme, na picha ni moja: Bashi-Bazouk, yaani askari wa kukodiwa wa dola ya Osmani ya Uturuki, ya 1868–69, nayo iko New York. Ni mtu mweusi aliyevaa hariri ya waridi na kilemba cha vitambaa vingi, nyuma yake hakuna kitu ila ukuta wa rangi moja. Gérôme alimvisha katika karakana yake kwa nguo alizonunua safarini. Anza na giza: amba ya kuchomwa na bluu ya ultramarini, zikiwa na tone la nyekundu ya mada. Panda kwenda rangi za kati kwa siena ya kuchomwa na oka, bila nyeupe. Nyeupe iingie mwisho, kwenye mng'ao wa shavu na pua, kwa madoa madogo yenye mipaka. Anayetia nyeupe mapema ili "kuing'arisha" ngozi huishia na uso wa majivu, na hakuna tabaka la juu litakaloufufua. Utalazimika kukwangua.

Kwenye ngozi, Cabanel hana somo ambalo hulipati kwa hao wawili. Venus yake ni lulu na pinki. Émile Zola aliukejeli mwili ule kuwa si wa nyama na damu bali wa peremende ya lozi. Maneno makali, ila ukijaribu kuunakili utaona alichomaanisha: mwanga na kivuli vimekaribiana mno, na mwanafunzi hana pa kushika. Nguo ni habari nyingine. Picha ya Catharine Lorillard Wolfe ya 1876, aliyesimama na gauni la satini nyeupe lenye manyoya pembeni, ni darasa kamili la kitambaa. Satini haipandi polepole kutoka giza hadi mwanga, inaruka. Weka rangi tano tu, kutoka kijivu kizito hadi nyeupe karibu tupu, ukae nazo bila kuzichanganya juu ya turubai. Ukizichanganya, satini inageuka pamba.

Mada

Mwalimu wa shule asiruke sehemu hii. Cabanel na Bouguereau walichora uchi mwingi wa hadithi za Wagiriki na Warumi. Hata hivyo Bouguereau ana wasichana wa mashambani na watoto wenye nguo zao, wengi wa kutosha kozi nzima, na Cabanel ana picha za matajiri. Lawama ya kudumu kwa wakulima wa Bouguereau ni kwamba wako safi mno, miguu peku lakini bila vumbi. Lawama ni ya haki, lakini haiharibu zoezi.

Gérôme anataka tahadhari ya aina nyingine. Alisafiri Misri na Uturuki, akachora misikiti, masoko na majumba kwa usahihi wa kigae kwa kigae, na usahihi huo ndio unaotia chumvi bila kuonekana. Katika picha ya mcheza na nyoka, ya takriban 1879, iliyopo Clark Art Institute huko Williamstown, msomaji wa Pwani aliyepitia chuoni anaweza kuusoma ukanda wa maandishi juu ya vigae: ni aya ya 256 ya Sura Al-Baqara, "Hakuna kulazimishana katika dini". Vigae vyenyewe vina asili ya kasri la Topkapı, Istanbul. Mbele yake kasimama mvulana uchi na nyoka kiunoni, jambo lisilo na mahali katika kasri lile. Vipande ni vya kweli, mkusanyiko ni wa kubuni. Hata katika sala msikitini ya 1871, safu za waumini zimepangwa vizuri, halafu katikati yao yumo mtu aliyejifunga kitambaa kiunoni tu.

Na kuna picha ya soko la watumwa ya 1866, mnunuzi akimkagua mwanamke meno. Mwaka ule soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado wazi, lilifungwa 1873. Mtazamaji wa Paris aliiona picha hiyo kama kitu cha kigeni na cha mbali. Ukiamua kuitumia darasani kwetu, panga kwanza utasema nini, maana wanafunzi watauliza, na jibu la "tazameni mbinu tu" halitawatosha wala halistahili.

Picha ya kufanyia kazi

Makumbusho ya Metropolitan, Getty na Walters hutoa bure faili kubwa za kazi zisizo na hakimiliki, na hapo ndipo pa kuanzia. Usinakili kutoka picha uliyoikuta mitandaoni: faili mbili za Bouguereau mmoja huweza kutofautiana, moja ya njano, nyingine ya bluu, na utakesha ukisahihisha kosa la kamera. Ukichapisha, weka chapisho kando ya skrini mchana, dirishani, uone kama nyeupe zimebaki nyeupe.

Ukubwa nao una hila. Venus ya Bouguereau ya 1879 ina urefu wa takriban mita 3. Ya Cabanel ni mita 1.30 kwa 2.25. Kuipunguza picha nzima mpaka karatasi ya daftari ni kupoteza kila ulichokuja kujifunza. Kata kipande, ukinakili kwa ukubwa unaokaribia wa asili. Gérôme ndiye anayevumilia kupunguzwa.

Walioko Ulaya watazipata Venus hizo mbili Musée d'Orsay, Paris, pamoja na Dante na Virgil ya Bouguereau na majogoo ya Gérôme. Cabanel wa ujana yuko Montpellier. Walioko Marekani ya mashariki wana New York, Baltimore na Williamstown, na wanaweza kuwaona wote watatu bila kuvuka bahari.

Kwa hali yako

Kama sura zako hazifanani na mtu, au kichwa hakikai juu ya shingo, nenda kwa Gérôme na Bargue na usinunue rangi kwa miezi mitatu. Gharama yake ni karatasi, mkaa, uzi na subira. Njia hii inamfaa pia anayejifunza peke yake bila mwalimu, kwa kuwa kosa linapimika kwa rula.

Kama mchoro umekaa lakini rangi zako zinatoka chokaa au tope, Bouguereau, kichwa kimoja, tabaka tatu, wiki tatu hadi nne. Anayechora picha za watu wa kwao kwa malipo afanye kichwa hicho kimoja tu, kisha ahamie kwa Bashi-Bazouk na akae hapo zaidi.

Kama wateja wako ni maharusi na waheshimiwa waliovaa, Cabanel atakulipa kuliko unavyodhani. Anza na kipande cha gauni, sentimita 20 kwa 20.

Msomaji wa historia asiyekusudia kushika brashi atamwelewa Cabanel kama mlango wa kuuona mfumo wenyewe: shindano, Roma, ununuzi wa mfalme, uprofesa. Ukimweka kando ya Salon ya 1863, mwaka ambao kazi nyingi zilizokataliwa zilionyeshwa pembeni kwa amri ya Napoleon III huyohuyo, utaona ugomvi wote ukiwa chini ya paa moja.

Mwalimu mwenye darasa la watoto 40 na bajeti ya karatasi pekee achapishe kifo cha Kaisari nakala kumi, awape watoto wanne wanne, kila kundi na rula moja.